Spoki Huvunjikia Shingoni

Nakumbuka mchana mmoja pale Mumbuni, mwanangu, nikiwa nimesimama mbele ya fundi wa baiskeli na furushi la spoki nyembamba kama njiti za ufagio. Nilikuwa nimezitoa Nairobi kwa muuza vyuma vya mitumba, na nilizionea fahari kama mwingine anavyoonea fahari viatu vipya. Nilikuwa na miaka ishirini na miguu isiyotulia. Leo mvi zimeanza kunichungulia, na miguu bado haijatulia.

Fundi aliitwa Mzee Munyao. Kazi yake aliifanya nje ya kinu cha kusaga mahindi, kwa hiyo kufikia saa nne nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Alikusalimu kwa Kikamba, "Wakya, mwanake," na hakugusa baiskeli yako mpaka uitikie, "Aa." Ukianza na shida zako kabla ya salamu, aliendelea kupangusa mnyororo kana kwamba hakuna mtu.

"Mzee, nifungie hizi mbele na nyuma," nilimwambia, baada ya kuitikia. "Jumamosi kuna mashindano ya kupanda na kushuka kilima cha Iveti. Kocha anakuja kuchagua kijana mmoja aende kwa timu yake."

"Na wewe unataka kwenda?"

"Mimi nataka kwenda popote, Mzee."

Alicheka, akachukua spoki moja akaitazama. "Hii imekonda mwili mzima kama ng'ombe wa kiangazi." Kisha akatoa nyingine kwenye mkebe wake. "Pitisha kidole hapa."

Nikapitisha. Ilikuwa nene shingoni, pale inapopinda na kushika kitovu cha gurudumu; ikapungua tumboni; ikanenepa tena mkiani, pale inapoingia kwenye rimu.

"Spoki haivunjikii tumboni," alisema. "Inavunjikia shingoni. Ukitaka wepesi, punguza tumbo, uache shingo. Ukigonga jiwe, tumbo linavutika kidogo, shingo inapona."

Siku hiyo alinifungia gurudumu la mbele kwa spoki zake. Mwanangu, nimetembea sana, lakini mikono kama ile sijaona tena. Mafundi wengine hugonga spoki na kusikiliza mlio. Yeye, kwa sababu kinu kilinguruma siku nzima, alisikiliza kwa ncha ya kidole. Aliigusa, akafumba macho, akakaza robo ya mzunguko, akahamia nyingine. Alipomaliza alilizungusha, nalo likaenda bila kuyumba, kama maji yanayozunguka kwenye sufuria.

"La nyuma ngoja Ijumaa," akaniambia. "Upande wa mnyororo ndio unabeba nguvu ya miguu yako, na mimi kesho niko na mazishi Kivaa. Usiguse."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika gurudumu. Alhamisi nilishindwa kuvumilia. Nilijiambia kwamba ngojangoja huumiza matumbo (ujana una methali ya kutetea kila upumbavu), nikafunga la nyuma mwenyewe kwa zile spoki zangu za njiti. Likawa jepesi kweli. Ijumaa nilipita mbali na kinu.

Jumamosi nilipanda Iveti kama niliyevutwa kwa kamba. Kileleni nilikuwa wa pili. Tulipoanza kushuka, kwenye mawe, nikasikia *ting!* Nikajifanya sikusikia. *Ting, ting!* Zote upande wa mnyororo, zote shingoni. Gurudumu likapinda kama chapati iliyoachwa juani, likawa linakwaruza fremu kila mzunguko. Mama mmoja aliyekuwa akichuma maharagwe kando ya njia akaangua kicheko: "Kijana, baiskeli yako imepandwa na pepo, inacheza kilumi! Muite mganga!"

Nilifika wa mwisho, baiskeli begani.

Kocha hakunicheka. Aliinama, akazungusha lile la mbele, akaliangalia sana. "Hii imefungwa na nani?"

"Mzee Munyao, wa Mumbuni."

"Na ya nyuma?"

Ulimi una mbio kuliko baiskeli, mwanangu. "Ni yeye pia," nikasema.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Wakya, mwanake." Alikuwa amekuja kunitazama nikishindana, kofia mkononi, na alikuwa amesikia kila neno. Jina la mkono wake ndilo alilokuwa nalo duniani, na mimi nilikuwa nimelitupa kwenye mawe mbele ya mgeni na umati.

Mzee alingoja niitikie.

"Aa," nikasema. Kisha nikamgeukia kocha. "Nimedanganya. La nyuma nilifunga mimi. Yeye alinikataza."

Kocha alimchukua kijana mwingine, na ilikuwa haki. Mzee alishika gurudumu langu bovu, tukateremka pamoja kwa miguu. Tulipofika karibu na kinu ndipo aliponena: "Nilifikiri spoki ndiyo ilikuwa nyembamba shingoni. Kumbe ni wewe. Lakini leo shingo yako imenenepa kidogo." Jumatatu akanifungia la nyuma.

Kwa magurudumu hayo nimefika Kivaa, nimefika Mlolongo, nimepita njia nisizojua majina yake. Fremu nimebadilisha mara mbili. Magurudumu ni yale yale.

Basi, mwanangu unayetaka kuwa mwepesi uende mbali, sikulaumu. Nami ni wa kabila hilo. Punguza mizigo, punguza maneno, punguza fahari, hayo yote ni tumbo. Lakini pale unaposhikana na watu, pale neno lako linapobeba jina la mwingine, usipapunguze hata unywele. Na ukikosea, itikia salamu kwanza, ukweli utafuata.

Mungu akupe barabara ndefu na shingo isiyokatika. Na popote utakaposimama, awepo mtu wa kukuambia, "Wakya," nawe uweze kumtazama machoni ukiitikia, "Aa."