Mjane wa Ayalandi Mwenye Sauti ya Kondoa

Mwamvua Bashiri alicheza filamu moja tu iliyoonyesha uso wake. Ilikuwa mwaka 2011, akiwa mwanafunzi wa chuo Dodoma, na humo aliigiza mwanamke wa baa. Kinywaji alichoshika kilikuwa soda ya tangawizi, lakini kwenye jalada la CD hakikuonekana kama soda, na CD hizo zilifika mnadani Kondoa kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani kwa likizo.

Baba yake, Mzee Bashiri, mkulima wa alizeti na mtu wa safu ya mbele msikitini, hakumpiga wala hakumfokea. Alimwita sebuleni mbele ya baba zake wadogo wawili, akasema, "Sinema basi. Nisikie umeacha." Mwamvua akasema ameacha. Mama yake, ambaye pengine angemtetea, alikuwa amefariki miaka minne nyuma.

Akamaliza chuo, akaajiriwa masjala katika ofisi moja ya serikali, akapanga vyumba viwili Makole, hapohapo Dodoma, pamoja na mdogo wake, Asma. Kwa miaka minane alipanga mafaili. Hakuwa na huzuni, ila kila alipopita mahali watu wanaporekodi filamu alivuka upande wa pili wa barabara.

Siku moja Nathanaeli, aliyekuwa mpiga picha wa filamu ile, akampigia simu. Alikuwa amefungua studio ndogo Nzuguni ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, na amepata moja ya Ayalandi, ya mjane anayeng'ang'ania shamba la kondoo ambalo shemeji zake wanalitaka.

"Uso wako hautaonekana," Nathanaeli alimwambia. "Ni sauti tu."

"Kwani sauti siyo kuigiza?"

"Hilo jijibu mwenyewe, dada. Mimi nataka mtu Jumamosi."

Jumamosi akaenda. Studio ilikuwa chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani. Feni ilizimwa ili isisikike, na bodaboda ikipita wote walinyamaza hadi mlio uishe. Kwenye skrini alisimama mwigizaji wa Ayalandi, mama wa makamo mwenye nywele zilizopeperuka, nyuma yake vilima vya mawe na mvua. Mwamvua alimtazama mama yule kwa makini kuliko alivyowahi kumtazama rafiki yeyote. Alijua kwamba huvuta pumzi kabla ya kusema uongo, na kwamba akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Maneno aliyopewa kuyasoma yalikuwa ya kiofisi. Palipoandikwa "Ondokeni katika ardhi yangu," yeye akasema, "Tokeni shambani kwangu." Nathanaeli akasikiliza, akayaacha hivyohivyo.

Tamthilia ilipoanza kurushwa, Kondoa waliipenda. Shamba, mifugo, shemeji wenye tamaa: hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ndipo Asma aliporudi kutoka nyumbani na habari.

"Baba anafuata tamthilia yako. Kila ikianza yuko kwa jirani. Mtoto wa jicho amemziba, haoni kitu, lakini anasikiliza."

"Amejua ni mimi?"

"Sijamuuliza, dada. Ningeanzia wapi?"

Tangu hapo simu za nyumbani zikawa mtihani. Mzee Bashiri alimsimulia binti yake habari za "yule mama wa kizungu" kama habari za jirani, na Mwamvua alijibu "eeh, baba" kwa sauti nyembamba asiyoitumia popote. Alijiona mwongo, tena mwongo wa kila wiki. Ikapita miaka miwili hivyo.

Mwaka jana akamleta baba yake Dodoma kwa upasuaji wa jicho. Kesho yake asubuhi walikuwa wodini wakisubiri bandeji itolewe. Televisheni ya ukutani ilikuwa ikirudia tamthilia ileile, na muuguzi Edina akasimama na mkasi mkononi. "Ngojeni kidogo. Huyu mama ananifurahisha."

Mwamvua akatamani kutoka nje.

"Mwamvua," baba yake akaita.

"Abee, baba."

"Huyo ni wewe."

Hakuwa anauliza. Mwamvua akashika ukingo wa kitanda. "Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Shemeji zake walikuja na karatasi za kusaini, akawaambia, 'Haya na nyinyi, kaeni basi mnywe chai.' Mzungu gani anasema hivyo? Marehemu mama yako ndiye aliyekuwa akimwambia hivyo mtu asiyemtaka."

"Mbona hukusema, baba?"

"Na wewe mbona hukusema? Neno lile la kukukataza nililitoa mbele za watu, nimetoka mnadani na hasira. Nikasema moyoni, ukija kuniuliza, nitaliondoa. Hukuja. Na mimi kulianza nikaona haya."

"Niliogopa."

"Najua. Sasa nimeliondoa."

Mwamvua akaketi kitandani. Alicheka na kulia kwa pamoja, hata muuguzi Edina akadhani kuna habari mbaya.

"Kwa hiyo niendelee?"

"Ukiacha, si atabaki bubu yule mama? Endelea. Ila mambo ya baa sitaki."

"Hakuna baa, baba. Kuna kondoo."

Bandeji ikatolewa. Mzee Bashiri akapepesa, akamtazama binti yake kwa muda. "Umenenepa. Alhamdulillahi." Kisha akageukia televisheni, akashangaa. "Kumbe mtu mzima hivi! Miaka yote hii nilidhani ni msichana."

Walifika Makole saa nane mchana. Asma alikuwa amepika wali na kunde. Mwamvua alikula vijiko vichache, akajilaza mkekani na mtandio kichwani, akapitiwa na usingizi palepale, katikati ya mazungumzo. Asma alitaka kumwamsha ale vizuri. Mzee Bashiri akamkataza kwa mkono, akaomba aongezewe kunde.