Fundi Asiyetaka Upande

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ndiye pia msimamizi wa kundi letu la WhatsApp, na kazi zote mbili anazifanya kwa mtindo mmoja. Mkono mmoja wa shati ukizidi, anaukata, na wa pili anaukata vilevile, hata kama haukuwa na shida. Ndiyo maana mashati yetu hayafiki kwenye viganja. Simu yake inakaa kando ya chaki. Siasa zikichacha kwenye kundi, anasoma huku midomo ikimcheza, kisha anafuta ujumbe mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule. "Ngoma droo," anasema, na kukanyaga pedali. Watu wanamsifu kwamba hana upande. Mimi ananikera, lakini suruali zangu ziko kwake, kwa hiyo nanyamaza.

Jana jirani yetu mmoja aliingia mbiombio, kamba za kiatu zikiburuta. Mwanawe alipigwa rungu la kichwa kwenye maandamano, na sasa amelazwa hospitali.

"Fundi, ujumbe wangu uko wapi?"

"Nimeufuta, mama. Na wa yule aliyekujibu 'mwacheni afe' nimeufuta pia. Mlikuwa mnagombana, na mimi siegemei upande."

Mama hakupaza sauti. "Mimi nilikuwa naomba watu wamtolee mwanangu damu. Yeye alikuwa anaomba nini?"

Fundi akakanyaga pedali. Sindano ikaenda mbio, na chini yake hakukuwa na kitambaa.