Matairi Chini, Kapteni

Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli juu ya maji ya chumvi, nabana pumzi. Wenzangu wakienda ufukweni Kawe wanawaza mishikaki na kuogelea. Mie macho yananipeleka kwanza pale alipokuwa amesimama mama.

Baba alikuwa rubani wa ndege ndogo, zile zinazotua kwenye viwanja vya vumbi huko mikoani. Siku akinichukua shuleni, tukifika getini kwetu alikuwa anapiga breki na kuuliza, "Matairi?" Nami kiti cha nyuma najibu kwa kelele, "Chini, kapteni!" Ndipo tunaingia. Aliniambia rubani akisahau kutoa matairi yaliyokunjwa ndani, ndege itatua kwa tumbo. Nilikuwa na miaka saba, na habari hiyo ya kutua kwa tumbo ilininyima usingizi.

Halafu kazini kwake wakaleta ndege ya kutua baharini. Chini ilikuwa na maboya mawili marefu, na matairi yamefichwa humo humo kwenye maboya. Ukitua uwanjani unayatoa, ukitua majini unayaacha ndani. Baba alifundishwa harakaharaka, maana wateja walikuwa wanasubiri. "Ndege ni ndege tu," alimwambia mama, lakini asubuhi ya majaribio chai yake hakuimaliza.

Alikuwa anaijaribu peke yake, akatuambia twende Kawe tukamwone anavyotua. Ndege ikatokea upande wa kilima cha Wazo, ikaanza kushuka. Roho yangu ilikuwa juu juu. Niliangalia chini ya ndege, matairi hayapo! Nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo. Mara yakachomoza.

"Yako chini, mama! Yako chini!" Nilirukaruka mpaka kiatu kikanitoka.

Matairi yakagusa maji, na maji yakayakamata. Pua ya ndege ikazama, mkia ukanyanyuka, ikapinduka nzima nzima. Maboya yakabaki yanaelea, tairi moja bado linazunguka hewani, na baba yangu yuko chini.

"Yesu wangu!" Mama, asiyejua kuogelea hata kidogo, aliingia baharini na kitenge chake cha kanisani mpaka maji yakamfika kifuani. Nilimfuata. Mama mmoja muuza mihogo akanidaka kiunoni, "Tulia mwanangu, tulia," nami nikamng'ata mkono. Hakuniachia. Vijana wa boti walikuwa wameshawasha injini, na harufu ya petroli ikatujia pale pale.

Nikabana pumzi. Nilijiambia baba kabana yake, basi nami nabana, tutaachia pamoja. Nilibana mpaka masikio yakavuma. Nikashindwa. Nilipovuta hewa nililia kwa uchungu ambao sijaupata tena maishani, maana nilijua nimemwacha peke yake kule chini.

Ndipo kichwa kikaibuka kando ya boya. Vijana wakamvuta kwa kola ya shati.

Siku aliyotoka hospitali, mkono uliovunjika ukiwa kwenye plasta, mama ndiye aliyeendesha. Getini akapiga breki kwa mazoea. Mie nikashindwa kuvumilia. "Baba, mbona uliyatoa vizuri tu? Mie niliyaona."

"Nyamaza wewe!" mama akafoka.

"Mwache," baba akasema. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami sikujua kama anacheka. Kisha akauliza, "Kwanza niambie, tunatua wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni majini au nchi kavu?"

"Nchi kavu!"

"Haya. Matairi?"

"Chini, kapteni."

Nilidhani ameurefusha mchezo wetu tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba siku ile ya ajali hakusahau kitu. Mkono wake ulifanya majini kile ulichozoea uwanjani, kile kile tulichokuwa tunakiimba getini kila akinichukua shuleni. Jamani, nilirukaruka kwa furaha kushangilia kilichotaka kumuua.

Sasa mzee hana macho ya kuendesha, mie ndiye ninayemleta kwangu. Tukifika getini ananigusa bega, anauliza tunatua wapi. Nami siingii kabla sijamjibu.