Ken na Kaant

Kwa miaka kumi na tisa, fundi mitambo wa hospitali ile ndiye aliyeitwa kitu chochote kilipogoma. Kiingereza alifundishwa na mwalimu aliyetamka kila neno kana kwamba anapigilia msumari: "ken" ni naweza, "kaant" ni siwezi. Vitabu vya mitambo alivisoma bila kubabaika.

Asubuhi moja mashine ya kupima damu, nayo ilikuwa moja tu, ikaanza kulia na kuwaka taa nyekundu. Msimamizi wa maabara akampigia mhandisi wa kampuni iliyoiunda, huko ng'ambo, kisha akampa fundi simu. Fundi akauliza: naweza kuizima na kuiwasha upya?

Mhandisi aliongea haraka, maneno madogo madogo akiyameza. Moja tu lilitoka wazi: "ken". Fundi akashukuru, akabonyeza kitufe. Mashine ikanyamaza, isiwake tena.

Alipopigiwa mara ya pili, mhandisi alishusha pumzi. Alikuwa amesema isizimwe. Ikizimwa katika hali ile kumbukumbu yake yote hufutika, na wa kuirudisha ni mtaalamu wa kampuni peke yake, ambaye angefika baada ya miezi miwili.

Simu za maabara hurekodiwa. Mganga mkuu akamwita fundi na msimamizi ofisini kwake, akawasikilizisha ile rekodi.

"Mbona kasema ndiyo," msimamizi akasema.

Mganga mkuu, aliyesomea ng'ambo, akatikisa kichwa. "'Ken' yao ya ndiyo huwa haisikiki, inabaki 'kn' tu. Ukiisikia wazi namna hii, ujue ni hapana: 'kaant' wao huitamka 'kent'. Ile 't' ya mwisho wanaiacha kooni."

"Sasa mimi ningejuaje, daktari?" fundi akauliza.

Daktari akaizima rekodi. Hakumpa barua ya onyo wala hakumfokea, na hilo likamuuma fundi zaidi. Angefokewa, angepata pa kujitetea.

Aliomba nakala ya rekodi kwenye simu yake, akaenda nayo nyumbani.

"Baba watoto, iache hiyo simu, chakula kinapoa," mkewe akasema.

"Mara moja tu."

"Unasikia nini?"

"Ndiyo. Kila nikirudia, nasikia ndiyo."

Wagonjwa wakawa wanaelekezwa hospitali nyingine, mwendo wa saa mbili. Mama mmoja mjamzito, alipomwona fundi na ovaroli, akamsimamisha kwenye ngazi.

"Kaka, mashine imepatwa na nini?"

"Ilizimwa."

"Nani kaizima?"

"Mimi."

Mama akasubiri aendelee. Fundi akampokea mkoba, akamsindikiza hadi getini.

Mtaalamu alifika wiki ya tisa, akamaliza kazi kwa nusu saa. Akifunga sanduku lake la vifaa, alimwambia fundi jambo kwa Kiingereza. Fundi akamnyooshea karatasi na kalamu.