Siku Akina Mama Walipoketi Kwenye Kahawa

Juzi, katika kiwanda kimoja cha Thika, niliona chumba cha akina mama wanaonyonyesha. Nikasimama mlangoni, na alasiri moja ya Ruiru ikanijia.

Mama alichuma kahawa katika shamba la mzungu, nami nilimlea mdogo wangu Njoroge. Siku hiyo alilia kwa njaa mpaka sauti ikamkauka. Nikampeleka kwa Mama, lakini nyapara akanizuia kwa fimbo.

"Hakuna kunyonyesha mpaka kahawa ipimwe!"

Mama aliweka debe chini, akaketi kwenye majani makavu, akanyoosha mikono. "Nipe mtoto." Nikampa.

Mwanamke wa mstari wa pili naye akaketi, kisha wengine, madebe yakilia chini moja baada ya jingine. Mimi nilidhani wanataka kuomba. Nikafumba macho, nikangoja amina.

Nilisikia tu Njoroge akimeza. Nilipofumbua macho, fimbo ya nyapara ilikuwa juu ya kichwa cha Mama.

"Simama! Bwana anakuja!"

"Na aje," Mama akasema. "Atanikuta nikinyonyesha."

Mzungu alikuja, akawatazama wote wameketi, akageuka akaenda zake. Kuanzia kesho yake wenye watoto wachanga waliruhusiwa kunyonyesha adhuhuri. Lakini Mama alifukuzwa jioni ile ile.

Mimi nilifurahi kwamba sasa angeshinda nasi nyumbani. Sikujua kwamba nyumba nayo ilikuwa ya shamba.