Nilivyopaliwa Nikimtetea Bi Mize

Najua mtacheka, kwa hivyo bora niseme mwenyewe kabla hamjaniuliza: naam, ni mie yule niliyemwaga sinia la pilau kwenye sherehe ya hina ya Asha, siku ya harusi yake, mbele ya wanawake wa mtaa mzima wa Malindi, hapa Unguja, nikagaragara mkekani buibui limenipanda kichwani (na ndani nlivaa gauni lenye kiraka, wallahi, siku zote navaa zuri isipokuwa siku hiyo). Haya nnaona mpaka leo. Lakini kujuta sijuti, na atakayenisikiliza mpaka mwisho anambie kama yeye angenyamaza.

Miaka hiyo ya hamsini nlikuwa karani hospitali, msichana peke yangu kwenye chumba cha majalada, na kazi yangu ilikuwa kuyapa maradhi nambari. Daktari anaandika jina la ugonjwa, mie nnafungua kitabu kikubwa kilichotoka ng'ambo, nnatafuta, nnaandika nambari yake, ili serikali ijue watu wake wanaugua nini. Malaria, kichocho, pepopunda, hizo nlikuwa nazijua kwa moyo. Basi siku moja likaja jalada la Bi Mize, jirani yetu, mtia hina na somo anayewafunda mabibi harusi wa mtaa wetu, na pale penye jina la ugonjwa daktari kaandika maneno marefu ambayo sijapata kuyaona. Nikapekua, nikapekua, nikafahamu kuwa ni saratani ya damu, lakini kitabu kimeigawa mafungu mafungu kwa aina ya chembe iliyoharibika, na lile neno la daktari sikujua liingie fungu gani.

Mkubwa wangu, Bwana Rustam, akanambia bila ya kuinua macho, "Tia kwenye nyinginezo, binti, tufunge."

Ningetia nyinginezo, nikaenda zangu nyumbani, leo nisingekuwa na kisa cha kuwachekesha. Lakini huyu ni Bi Mize, aliyemtia hina mama yangu na dada zangu wote! Nikachukua jalada, nikaenda kwa daktari.

Daktari (Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini hana kiburi) akaniinamisha kwenye darubini yake. "Tazama. Hizi kubwa, kiini kimejikunja kama figo, ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao kulinda mwili. Sasa zinazaliwa nyingi, mbovu, zinajaza mahali pote, damu nzuri inakosa nafasi."

"Inaambukiza?"

"Hapana. Hata kidogo."

"Inapona?"

Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Akasema tu kwamba aina hii ni ya nadra, yeye mwenyewe tangu aje Unguja hajapata kuiona, kisha akanionesha fungu lake kitabuni. Nikarudi nikaandika nambari iliyo yake khasa, na Bwana Rustam akanung'unika kwamba nimemcheleweshea chai.

Sasa Bi Mize kaambiwa na daktari kuwa chembe nyeupe zimezidi, naye kamwambia jirani, jirani kamwambia mwenziwe, na habari ilipofika sokoni Darajani ilikuwa damu ya Bi Mize imegeuka tui la nazi, na ukinywea kikombe chake nawe yako inageuka. Watu wakiona ufizi wake unatoka damu na mikono ina mavilio meusi ya damu, ndio wanazidi kuamini. Wakaacha kumwita. Hata Bi Zuhura, mama yake Asha, akaleta salamu kwamba hina ya mwanawe atatia mwengine, na Asha huyo Bi Mize kamlea kama wake.

Jioni hiyo Bi Mize akanijia, kakonda, kajifunga kanga mbili kwa baridi isiyokuwepo.

"Rukia, wewe unafanya kazi kule. Mie nikisema, wanasema nnaficha. Nakupa ruhusa, waambie."

"Niwaambie nini, Bi Mize?"

"Kilicho kweli. Kwamba nnakufa, lakini nnakufa peke yangu, simchukui mtu."

Siku ya hina tukaenda pamoja, nimemshika mkono. Tulipoketi kwenye sinia, wanawake waliokuwepo wakanyanyuka mmoja mmoja, huyu anamtafuta mwanawe, yule kasahau kitu jikoni, tukabaki wawili na pilau la watu sita. Damu ikanichemka. Nikamwambia Bi Mize anitilie tonge kinywani kwa mkono wake, watu waone, na badala ya kutafuna kwanza kama mtu aliyelelewa, nikasimama nikaanza kuhutubia, pilau shavuni: "Jamani, hii ni saratani ya chembe nyeupe! Haihami kwa mkono, haihami kwa kikombe, nimeiona kwa macho yangu haya, na mie nnakula naye na sina..."

Sikumaliza. Kipande cha mfupa wa mbuzi kikanikwama kooni.

Nikatoa macho, nikajishika shingo, nikarudi nyuma nikakanyaga ukingo wa sinia, pilau likaruka likatua juu ya Bi Zuhura, na mie chini, miguu juu. Ukapigwa ukelele: "Imeshamwingia! Imeshamwingia, tokeni!" Wanawake wakakimbilia mlangoni, wakakwama wote kwa pamoja, mmoja akapita dirishani (mnene, sijui alipitaje).

Bi Zuhura kabaki kakaa chini na pilau mwilini, na aliyenijia ni Bi Mize peke yake. Kwa mikono ile myembamba akaninyanyua, akanipiga mgongoni kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, mara ya kwanza, ya pili, mfupa ukachomoka ukaangukia mapajani mwa Bi Zuhura. Kiganja chake kikavilia damu papo hapo, cheusi kama zambarau.

Nikakaa kitako, machozi na makamasi, wali kwenye nywele. Waliokwama mlangoni wote wamegeuka wananitazama. Ningeweza kujifunika buibui nikaondoka, na moyo ulitaka hivyo. Badala yake nikaokota mfupa, nikauinua juu. "Ugonjwa wenyewe huu hapa! Kampikeni mbuzi vizuri." Nikalivuta sinia, nikachota kilichobaki, nikala. Bi Mize akala.

Mara mlango wa chumbani ukafunguka, Asha katoka (bibi harusi, siku ambayo hatakiwi kuonekana!), akaja akaketi baina yetu, akatia mkono siniani.

"Asha!" mamake akamaka.

"Mama, Bi Mize ndiye atakayenitia hina. Ama sivyo, mwambieni bwana harusi asije."

Akatiwa hina na Bi Mize, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umevimba. Maua yalikwenda kombo kidogo, na hakuna aliyethubutu kusema.

Mtaa ulinicheka. Watoto walinifuata njiani wakijishika shingo. Bwana Rustam alinikaribisha kazini kwa kuniuliza kama jalada langu nalo alitafutie nambari. Bi Mize hakumaliza mwaka. Siku aliyofariki nlidhani nitamwosha mie na mama yangu tu, lakini nlipofika nlikuta kina mama wamejaa mpaka ukumbini, na aliyeshika kata ya maji, kakunja mikono ya gauni, ni Bi Zuhura.

Basi mkinialika, mtaniona natafuna kwanza, nameza, nakunywa maji, ndipo nisimame. Lakini kusimama nitasimama.