Simbilisi wa Likizo ya Agosti

Mwalimu wa sayansi hakuwa hata amemaliza kuuliza, na mkono wangu ulikuwa tayari juu. Shule ilikuwa inafungwa kwa likizo ya Agosti, na simbilisi wa darasa letu, ambaye sisi watoto wa mtaa wa Jericho tulimwita ginipigi, alihitaji mtu wa kumtunza mpaka tufungue. Nilisema kwetu tumefuga sungura miaka mingi. Ukweli ni kwamba sungura walikuwa wa nyanya yangu kule Machakos, na kazi yangu ilikuwa kuwakimbiza. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa mtoto wa kusema analijua jambo kabla ya kulijua. Sijabadilika sana.

Mwalimu alinipa sanduku, simbilisi akiwa ndani, pamoja na sharti moja.

"Siku ya kufungua nataka nimwone huyu akitembea. Ukiniletea mzoga, darasa hili halitafuga mnyama tena, na wewe ndiwe utakayewaeleza wenzako."

Wenzangu arobaini wakanigeukia. Nikamjibu kwamba atamkuta amenenepa.

Mama alipofungua sanduku alirudi nyuma hatua mbili. "Wewe! Umeniletea panya ndani ya nyumba?"

"Si panya, mama. Hana mkia."

"Panya aliyekatwa mkia bado ni panya." Hata hivyo alisogeza debe la maji, nikapata kona ya kumweka.

Nyumba yetu ya kanjo, yaani ya kupanga ya baraza la jiji, ilikuwa na vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa pia karakana. Baba alikuwa mchonga vinyago. Mchana alichonga na wenzake mjini, jioni akaja na vile vilivyobaki kupigwa msasa: twiga, swala na tembo wa mti wa muhugu. Tuliketi mkekani sote watatu tukavilainisha. Wale tembo baadaye walipakwa rangi nyeusi ya viatu, wakauzwa kama mpingo, na watalii wakafurahi. Vumbi la muhugu ni laini kuliko unga wa ngano na lina harufu tamu, na kila jioni mama alilifagia likajaa karai.

Mimi nikalitazama lile karai nikaona godoro. Shuleni simbilisi alilalia nyasi kavu zenye kuchoma. Kwetu, nikasema, atalala kama bwana mkubwa. Nikammwagia vumbi unene wa vidole vitatu, nikampa maji na sukuma wiki, na watoto wa majirani wakajazana mlangoni kumwona.

"Ati huyu analala poa kumshinda buda yangu?" mmoja akauliza. Baba yake alikuwa bawabu, na ni kweli hakuwa akilala vizuri.

Wiki ya pili simbilisi akaanza kupiga chafya. Mama alisema ni baridi ya Agosti, mtaa mzima unakohoa. Nikamsogeza karibu na jiko, nikafunika sanduku kwa gunia, nikamwongezea vumbi apate joto. Akazidi. Macho yakawa yanatoa machozi, na hata aliponisikia nikikata sukuma hakupiga tena ile miluzi yake ya kudai chakula. Ukimwekea sikio ubavuni ulisikia kitu kikikwaruza ndani. Niliogopa, na sikuogopa kidogo. Hata ugali ulinishinda kula, nikiona nyuso arobaini zikiningoja.

Jumamosi nikaamua kumwoshea nyumba. Nililisugua sanduku kwa sabuni, nikalianika juani, na yeye nikamweka kwenye kikapu cha sokoni chenye nyasi nilizong'oa kando ya uwanja wa mpira. Jioni akala nusu jani. Nikajisifu kwa usafi wangu, nikamwaga vumbi jipya, nikamrudisha kwake. Tulipotoka kanisani Jumapili nilimkuta anapiga chafya upya, mfululizo.

Hapo nilisimama na viatu vyangu vya kanisa nikafikiri. Nikamtoa, nikamrudisha kikapuni, nikamwacha huko. Siku ya tatu alipiga mluzi. Ili nihakikishe, nikachota vumbi kidogo nikamkaribishia puani. Chafya tatu. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Nilikuwa nimemtandikia ugonjwa, na kila nilipomhurumia nilimwongezea.

Jioni ile ile nilimwambia baba. "Ni vumbi lako lililokuwa linamuua."

Baba akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi hicho tulikizoea tangu nizaliwe. Tulipokisikia kikija njiani, mama alimimina chai, kwa kuwa ilikuwa ishara kwamba baba amefika. Siku hiyo ndiyo nilipokisikiliza. Kilikuwa kikavu, kirefu, na mwisho wake kuna kitu kilikwaruza.

"Na wewe, baba?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe tukuhamishie kikapu gani?"

"Huyo wako anakula sukuma bila kushika msasa," alisema, akipangusa macho. "Mimi nikitoka kwenye vumbi, sukuma itatoka wapi?" Mama aliinamia swala wake akaendelea kusugua.

Siku ya kufungua, mwalimu alimweka simbilisi juu ya meza. Alitembea mpaka ukingoni, mnene, akatutazama. Niliitwa mbele nieleze nilivyomtunza, nami nikaeleza habari ya vumbi kama daktari mzima.

"Na ungemwacha humo humo?" mwalimu akauliza.

"Angekufa, mwalimu," nikajibu bila kusita. Darasa likanipigia makofi, na makofi hayo yakanikuta namwaza baba mkekani.

Jioni baba alikunja miguu mkekani, akachukua twiga. Nilimnyang'anya msasa mkononi. Kwetu mtoto hakumnyang'anya baba kitu, na mama alishika mdomo.

"Nje," nikasema. "Kazi hii inafanywa nje, penye upepo, na kitambaa puani." Kitambaa nilikuwa nacho, nimeshakilowesha maji.

Nilipewa jina la mama yake baba, na kama Wakamba wengi baba aliniita mwaitu, yaani mama, hasa nilipomshinda. "Haya, mwaitu," akasema, akabeba kigoda akatoka.

Alikaa mlangoni na uso uliofungwa, majirani wakimwuliza lini amejiunga na majambazi. Nilisimama kando yake, mikono kiunoni, nimeshinda vita. Alisugua shingo ya twiga kwa muda, kisha akakishusha kitambaa mpaka kidevuni.

"Sasa vumbi la miaka yote nililokwisha kulivuta, mwaitu, utalitoaje?"

Nikazunguka nyuma yake, nikakifunga kitambaa upya, nikakaza fundo.